Saa ya Mkono wa Kulia

Mzee Sefu Kalumba huvaa saa mbili. Asiyemjua hudhani ni majivuno. Ni majivuno kweli, tusifichane, lakini si hayo tu. Saa ya mkono wa kushoto inasoma Tanzania. Ya mkono wa kulia iko nyuma kwa saa moja kamili, kwa ajili ya Kongo na Burundi, maana yeye ndiye mkata tiketi za boti pale mwalo wa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, na nusu ya abiria wake ama wanatoka ng'ambo ama wanakwenda kuonana na mtu wa ng'ambo. Miaka kumi na tisa alikuwa hajachelewesha boti hata dakika moja. Vijana wa mwaloni wakambandika jina la Mzee Dakika. Alinuna wiki nzima, kisha akaliandika mwenyewe kwenye meza yake kwa rangi ya mafuta.

Ukitaka kumfurahisha, muulize saa. Usimuulize hali, atakujibu nzuri na kuendelea na mambo yake. Muulize Kalemie ya Kongo sasa hivi saa ngapi, utamwona anavyokunja ule mkono wa shati wa kulia, taratibu, kama daktari anayejiandaa.

Basi Jumatatu ile jioni, nyumbani kwake Ujiji, Mzee Sefu alikuwa na furaha kupita kiasi. Alikuwa ameulizwa saa ya Ubelgiji.

Aliyeuliza ni Nasra, binti yake wa miaka ishirini na minne, mwenye diploma ya uvuvi na kibarua cha kuhesabu samaki. Miaka mitatu sasa anakaa mialoni, Kibirizi wiki moja na Kagunga wiki nyingine, akiandika dagaa wangapi wameingia, migebuka wangapi, na saa ngapi. Kazi ya jua na harufu, na mkataba wake ni wa mwezi mmoja mmoja. Sasa chuo kimoja cha Ubelgiji kilichokuwa kinazitumia hesabu zake kilitangaza nafasi ya masomo, kila kitu kimelipiwa. Nasra aliomba. Akachujwa, akabaki, akachujwa tena, akabaki.

Alisoma barua pepe kwa sauti mbele ya sinia la ugali wa muhogo. Mahojiano ya mwisho, kesho Jumanne, saa nne kamili asubuhi kwa saa za Ubelgiji, kwa njia ya video, dakika arobaini. Waombaji waliobaki ni wawili. Nafasi ni moja.

"Wako nyuma yetu saa moja," alisema Mzee Sefu, mkono wa shati umeshakunjwa. "Sawasawa na Kongo. Saa nne yao ni saa tano yetu. Mwezi wa tisa walipokupigia mara ya kwanza nilisemaje?"

"Ulisema hivyo hivyo, baba."

"Ikawaje?"

"Ikawa kweli."

Mzee Sefu akamega tonge. Habari ile ya mwezi wa tisa alikuwa ameisimulia mwalo mzima, na mpaka watu wa Kalinzi huko mlimani waliokuja kuuza kahawa waliondoka wanajua kwamba Ubelgiji iko nyuma saa moja.

"Shemeji, hiyo ilikuwa mwezi wa tisa," alisema Luqman.

Luqman ni mdogo wake Zaitun, mke wa Mzee Sefu. Ana kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, hapo hapo Kibirizi, hatua kumi kutoka meza ya tiketi, na Jumatatu hula kwa dada yake. Machoni pa Mzee Sefu hiyo si kazi. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, anawatoza wavuvi shilingi mia tano wakaangalie wanaume wengine wanavyokimbia! Kuingia humo ndani alikuwa hajawahi.

"Jana Jumapili Wazungu wamerudisha saa," Luqman aliendelea. "Sasa wako nyuma yetu saa mbili. Mahojiano ni saa sita."

"Wamerudisha wapi?"

"Nyuma."

"Yaani nchi nzima imekaa, ikakubaliana saa nne iwe saa tatu?"

"Kila mwaka, shemeji. Ikifika mwisho wa mwezi wa kumi wanarudisha, ikifika mwisho wa mwezi wa tatu wanasogeza."

"Na jua limeridhia?"

Zaitun alicheka mpaka akaweka chini bakuli la migebuka. Mzee Sefu akaona amepata baraza, akaongeza. "Umeyatoa wapi haya? Kitabu gani?"

"Mpira. Mechi ya saa kumi na moja jioni sasa ni ya saa kumi na mbili. Mwaka juzi nilisahau. Watu wakakaa saa nzima wanatazama matangazo ya sabuni, wakataka kunivunjia mabenchi."

"Mpira!" alisema Mzee Sefu. "Mimi nazungumza habari za mataifa, huyu ananiletea penalti."

Nasra hakutaka ugomvi, alitaka jibu. Akachukua simu yake, akagusa ile barua, simu yenyewe ikamwandikia mahojiano kwenye kalenda. Akaigeuza wote waone. Saa tano kamili.

"Hata simu!" Mzee Sefu akapiga paja. "Hata simu, Luqman!"

Simu ile ilikuwa imetoka Kagunga Ijumaa. Kagunga imepakana na Burundi, na simu yoyote ikifika kule hushika mnara wa jirani na kurudi nyuma saa moja bila kumuuliza mwenyewe. Ndiyo maana mtu wa Kagunga ukimuuliza saa, naye hukuuliza: ya simu au ya msikiti? Nasra, kama kila mtu wa njia ile, aliporudi aliisogeza mbele kwa mkono. Pale kwenye sinia akailinganisha na mkono wa kushoto wa baba yake. Zilikubaliana mpaka sekunde.

"Si aende saa tano, akae mpaka hiyo saa sita?" aliuliza Zaitun. "Kuna ubaya gani?"

Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na ndilo pekee lisilowezekana. Chumba alichoahidiwa Nasra, chenye mtandao wa uhakika na kompyuta, kilikuwa cha kuomba, na mwenyewe alimwambia mapema: saa moja tu, dada, isizidi. Ilibidi kuchagua. Baba saa tano, simu saa tano, mpira saa sita. Nasra alimtazama mjomba wake kwa huruma kidogo.

"Saa tano," alisema.

Luqman akainua mabega, akaendelea kula. Hakuwa mtu wa kususia migebuka.

Vyombo vilipotolewa, Zaitun alibaki na mumewe barazani. "Sefu, wewe unataka mtoto aende au hutaki?"

"Nani kasema sitaki?"

"Tangu waanze kuandikiana hujamuuliza huko atakula nini, atalala wapi, baridi ikoje. Unauliza saa tu."

Mzee Sefu alitazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. "Saa ndiyo ninayoijua," alisema. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine, akasema yote. "Nataka aende, na sitaki aende. Sasa nikamwambie lipi?"

Zaitun akamwambia akavue viatu, vinanuka dagaa.

Jumanne, saa tano kasoro robo, Nasra aliketi kwenye chumba cha mikutano cha ofisi moja mjini Kigoma, amevaa baibui lililopigwa pasi mara mbili na mtandio wa samawati wa mama yake. Mwenye chumba, Bwana Pastory, ni mtumishi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba miaka mitatu iliyopita, na bado akiulizwa anakaa wapi hujibu kwamba kwa sasa yuko Kigoma. Si mtu mbaya. Alimfungulia kompyuta, akamwekea na kiti chake mwenyewe kinachozunguka.

"Saa sita kasoro robo nina kikao," alisema. "Wasije wakakukuta."

"Asante sana, Bwana Pastory. Tutakuwa tumemaliza."

Saa tano kamili Nasra alibonyeza linki. Kioo kikamwambia asubiri, mwenyeji atamwingiza. Akakaa wima. Akajiona mwenyewe kwenye kona ya kioo, akarekebisha mtandio. Saa tano na dakika kumi akajipa moyo, akasema labda na wao bando limekata. Na robo, Bwana Pastory akachungulia.

"Hawajaamka?"

"Wanakuja."

Na nusu, akachungulia tena. Nasra alituma barua pepe fupi ya adabu. Haikujibiwa. Tabasamu alilolifanyia mazoezi tangu juzi lilishaanza kumuuma mashavu. Akaanza kumwona yule mwombaji mwenzake, mtu asiyemjua hata jina, akiwa ameshaingia, ameshajibu, ameshachekeshana na maprofesa. Miaka mitatu ya kuhesabu samaki, alijiambia, halafu hata kuniambia hapana wameona ni kazi.

Saa sita kasoro robo wakaingia wanaume saba na mafaili yao. Walisimama ukutani wakimsubiri akusanye daftari na simu. Mmoja wao, mzee wa heshima mwenye tai, alimwona binti anahangaika karibu na meza, akamwambia kwa upole, "Binti, tuletee na maji."

Bwana Pastory alifungua mdomo kueleza. Nasra alikuwa ameshatoka. Alikwenda jikoni, akapanga chupa saba kwenye sinia, akaleta, akamwekea kila mmoja yake. Yule mzee akasema asante. Nasra akasema karibu, akatoka nje, akapiga simu akiwa amesimama kwenye jua.

Kibirizi, abiria thelathini na moja wa Kagunga walikuwa wameshakata tiketi na mizigo imeshapangwa. Boti inaondoka saa sita. Mzee Sefu alikuwa anagombana na Mama Leonia, mfanyabiashara wa mawese, kuhusu madumu matupu kumi na mawili yaliyochukua nafasi ya watu wawili, ndipo simu ikaita.

"Baba, hawakuja."

"Hawakuja kina nani?"

"Wazungu. Nimekaa saa nzima natazama kioo. Nadhani wamemchukua yule mwingine." Sauti ikakatika, ikarudi. "Nimeshachukua bodaboda, nakuja kupanda boti. Kesho nina kuhesabu Kagunga."

"Pole, mwanangu," alisema Mzee Sefu. Simu ikakatwa.

Alikaa kwenye kigoda chake. Na kwa aibu tuseme ukweli kama ulivyo: kwa nukta moja, isiyozidi, moyo wake ulifurahi. Mtoto haendi Ubelgiji, mtoto anakuja Kibirizi. Kisha akaisikia upya ile sauti ilivyokatika, akajichukia.

Akainua macho ili asimtazame Mama Leonia. Mbele yake, hatua kumi, ulisimama ubao wa Luqman. Tangu Jumapili alikuwa ameupita mara kumi akigeuza uso makusudi. Sasa aliusoma, maana hakuwa na pengine pa kutazama. Uliandikwa kwa chaki, herufi kubwa: WATEJA. ULAYA WAMERUDISHA SAA. MECHI ZOTE ONGEZA SAA MOJA. USIJE MAPEMA UKANILAUMU.

Mzee Sefu alitazama mkono wa kushoto. Saa sita kasoro dakika kumi na moja.

Alisimama, akavuka, akainama kwenye kile kimlango, akaingia kibanda umiza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ndani giza, joto, wavuvi kumi na watano waliotoka ziwani alfajiri wamejinyoosha kwenye mabenchi wanatazama marudio. Wote wakageuka. Mmoja alivua kofia.

"Shemeji!" alisema Luqman. "Kuna msiba?"

"Luqman, ile habari ya saa mbili. Una hakika?"

Luqman angeweza kufaidi. Penalti ile ya jana ilikuwa imemkaa moyoni. Na alifaidi kweli, kama sekunde tatu hivi, akimtazama shemeji yake alivyosimama na saa zake mbili. Kisha akaona uso wake.

"Shemeji, Mzungu akibadilisha saa nami nisijue, mimi navunjiwa mabenchi. Wewe ukikosea unachekwa tu. Nina hakika."

"Basi bado." Mzee Sefu akamshika mkono. "Bado hawajaanza! Amewahi, hajaachwa. Yuko njiani. Luqman, mtandao unao?"

"Ninao."

"Nipe chumba."

Haikumalizika dakika tano. Luqman alizima televisheni, na wavuvi walipoguna akawaambia leo mechi ni ya nyumbani. Pazia jeusi la mlango likavutwa pembeni ili mwanga uingie. Kreti mbili za soda zikapandishwa, juu yake likawekwa kopo la rangi la kuegemezea simu. Mabango ya timu mbili yakabanduliwa; la tatu lilikataa, likabaki. Bodaboda ilifika saa sita kasoro dakika tatu. Nasra alishuka macho mekundu, akakuta baba yake amesimama barabarani mikono juu kama trafiki.

"Baba, nini?"

"Ni saa sita. Mjomba wako alikuwa sahihi. Mimi nilikosea." Aliyasema kwa haraka, yote kwa pumzi moja, kabla hayajakwama. "Ingia humo."

Nasra alimtazama. Luqman alikuwa ameshampokonya simu, anaipekua. "Ndiyo hii! Tazama. Umeisogeza mishale tu, ila huku ndani bado imeandikwa Bujumbura. Hii simu haijarudi kutoka ng'ambo, imekuja kutembea tu." Akagusa mara mbili. Mahojiano kwenye kalenda yakaruka, yakasimama saa sita kamili.

Nasra alikuwa anaketi mbele ya kreti ndipo injini ya boti ya Kagunga ilipowashwa.

Kama hujawahi kusimama Kibirizi injini ile ikiwaka, niseme tu kwamba kopo la rangi lilianza kutembea lenyewe juu ya kreti. Japhet, nahodha, alikuwa anafanya kazi yake. Miaka yote Mzee Dakika alimtaka aondoke saa sita kamili.

Mzee Sefu alikimbia. Alikimbia mpaka maji yakamfika magotini. "Zima!"

"Nini?"

"Zima injini, Japhet!"

"Mzee, ni saa sita!"

"Najua ni saa ngapi! Zima!"

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Abiria thelathini na moja walimtazama yule mtu majini. Mama Leonia alisimama katikati ya madumu yake, mikono kiunoni.

"Ego, naam, Mzee Dakika," alisema polepole, kwa lafudhi yake ya Kagunga. "Mwezi uliopita mie nilichelewa dakika mbili. Boti naiona kwa macho. Nakupungia khanga. Wewe ukaniambia nini?"

Mzee Sefu alikumbuka vizuri sana. "Nilikwambia saa haina mjomba."

"Nikalala hapo juu ya madumu."

"Ulilala, Mama. Nisamehe." Alivua kofia. Hakuwa amewahi kumwomba abiria kitu zaidi ya nauli, na maneno yalimtoka vipande vipande. "Binti yangu yumo humo ndani anazungumza na Ubelgiji. Dakika arobaini. Injini ikiwaka hawatamsikia. Nawaombeni. Wote."

Mama Leonia aliwatazama wenzake, akamtazama tena.

"Na leo tunaondoka kwa saa ya wapi?"

Mzee Sefu alitazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. Wala mmoja haukumsaidia. "Ya Ubelgiji," alisema. "Kule bado ni saa nne asubuhi. Hatujachelewa."

Mama Leonia alicheka kwanza. Boti nzima ikamfuata, mpaka wenyewe wakaanza kunyamazishana, shii, shii, mtoto anazungumza na Wazungu.

Kioo kilifunguka saa sita na dakika moja. Walikuwa watatu, na katikati profesa mwenyewe, mama wa miwani mwenye mvi. Walisalimiana kwa Kiingereza. Macho ya profesa yalipita juu ya bega la Nasra, yakatua kwenye lile bango lililokataa kubanduka.

Uko wapi, aliuliza.

Nasra angeweza kusema ofisini. Aliwaza chupa saba za maji. "Niko mwaloni," alisema, "ndani ya banda la kuonyeshea mpira." Akageuza simu kidogo. Wavuvi kumi na watano, walioapa hawatajitingisha, wakapunga mikono kwa pamoja. Profesa naye akapunga.

Wakamuuliza habari za dagaa, za mwezi na za upepo, akajibu. Kisha yule wa kulia, bwana mwembamba ambaye hakuwa amecheka, akainua karatasi. Takwimu zako za Kagunga, alisema, saa zake zina walakini. Siku hii samaki wanaingia saa moja asubuhi, siku inayofuata saa kumi na mbili, kisha tena saa moja. Umeziandika, au umezitunga?

Luqman, aliyejifunza Kiingereza kwa watangazaji wa mpira, alijua kwamba hapo ndipo goli lilipo. Nasra alifungua daftari lake, akaliweka mbele ya kioo.

"Safu ni mbili," alisema. "Niliyoituma ni ya kwanza, maana fomu yenu ina nafasi ya safu moja. Hiyo ni saa ya simu. Kagunga simu huhamia Burundi na kurudi inavyopenda. Ya pili ni ya saa hii ya mkononi. Kabla sijapanda boti naiweka sawa na ya baba yangu. Zikigombana, nafuata ya baba."

"Na baba yako hakosei?" aliuliza profesa.

"Saa ya Tanzania hajawahi. Ya Ubelgiji amekosea leo asubuhi. Ndiyo maana niliwasubiri saa nzima mahali pengine, mkiwa bado mnakunywa chai."

Yule bwana mwembamba akacheka. Mlangoni, Mzee Sefu, suruali imelowa mpaka magotini, alimnong'oneza shemeji yake. "Anasema nini?"

"Anasema umekosea."

"Anamwambia nani?"

"Ubelgiji."

"Mh," alisema Mzee Sefu. Akafikiri kidogo. "Na wao wanasemaje?"

"Wanacheka vizuri, shemeji. Tulia."

Boti ya Kagunga iliondoka saa sita na dakika arobaini na saba. Mama Leonia alimwamuru Mzee Sefu aandike hizo dakika kwenye daftari la safari, kwa kalamu, mbele yake. Akaandika.

Barua ya kukubaliwa ilikuja siku ya tisa. Zaitun alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani ni posa. Mzee Sefu aliuliza, kwa mara ya kwanza, huko baridi ikoje, na alipojibiwa akaenda sokoni Mwanga, akarudi na sweta tatu, mbili zikiwa za kiume.

Nasra aliondoka mwezi wa pili. Siku hiyo hiyo, bila kumwambia mtu, Mzee Sefu alirudisha nyuma saa ya mkono wa kulia kwa saa moja nyingine. Watu wa kwenda Kalemie wakaanza kulalamika kwamba siku hizi Mzee Dakika anawapa saa ambayo haipo Kongo wala Burundi. Alipobanwa alisema saa hiyo ina matengenezo. Jioni, boti zikiisha, alivuka zile hatua kumi, akakaa benchi la mbele kwa Luqman, haangalii mpira, anasubiri tu kuuliza.

"Bado?"

"Bado, shemeji. Mwisho wa mwezi wa tatu."

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi ya Kibirizi, simu ya Nasra iliita kwenye chumba chake kidogo Ubelgiji. Nje kulikuwa na ukungu. Aliipapasa chini ya mto.

"Baba? Kuna nini?"

"Amka. Wamesogeza saa. Huko sasa ni saa moja asubuhi, si saa kumi na mbili. Nimeona nikwambie usije ukachelewa."

"Leo Jumapili, baba."

"Hata kama. Wenzako wataamka hawajui."

Nasra alitazama simu. Ilikuwa imeshajibadilisha yenyewe usiku, kimya kimya, kama simu zote za nchi ile. Saa moja kamili. Hakumwambia.

"Asante, baba. Ningepotea kweli."

Nasra akasikia maji ya Kibirizi, na mtu anagonga dumu tupu.

"Tena nimeirekebisha ya mkono wa kulia," alisema Mzee Sefu. "Wiki zote hizi nilikuwa nakutafuta nyuma huko, saa mbili. Sasa ni moja tu. Saa yako imekuwa ile ile ya Kalemie." Alikohoa. "Leo hakuna ukungu huku, milima ya Kongo naiona yote. Sasa uko hapo ng'ambo tu, mwanangu."